Mkopo wa Bodi na kozi za majengo: hesabu ya kufanya kabla hujajaza fomu

Anayetaka kusomea majengo Tanzania anachagua kozi, na hapo hapo anachagua idadi ya miaka ya kukopa. Ubunifu majengo pale Chuo Kikuu Ardhi ni miaka 5. Uhandisi ujenzi pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miaka 4. Mwaka mmoja unaonekana mdogo ukiwa na miaka 19, lakini ndani ya hesabu una uzito kuliko ada yenyewe.

Tuanze na deni. Chukua mfano wa mwanafunzi anayelipiwa na Bodi ya Mikopo ada ya 1,300,000 kwa mwaka, boom (fedha ya chakula na malazi) ya 10,000 kwa siku kwa siku 240, na 200,000 za vitabu na viandikwa. Jumla ni 3,900,000 kwa mwaka. Kwa miaka 4 ni 15,600,000, kwa miaka 5 ni 19,500,000. Ongeza asilimia 1 ya gharama za uendeshaji, inayotozwa mara moja tu: deni la miaka 5 linafika 19,695,000. Hizi ni tarakimu za mfano. Zako zitoe kwenye taarifa ya mkopo uliopangiwa, kwa sababu wengi hawapewi ada yote, na pengo hilo hujazwa na mzazi au na michango ya ukoo.

Sasa mshahara. Mfano: kampuni binafsi inakuanzishia mshahara wa msingi wa 900,000. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 90,000. Kodi ya mapato inapigwa kwenye 810,000 iliyobaki, nayo kwa viwango vya Tanzania Bara ni 80,500. Bodi inachukua asilimia 15, lakini ya mshahara wa msingi, si ya kinachobaki baada ya kodi: 135,000. Mkononi unabaki na 594,500. Wanaosikia "asilimia 15" hukosea hapo, maana ukiipima 135,000 dhidi ya fedha ambayo ungeishika bila mkopo, ni zaidi ya asilimia 18.

Kwa kasi hiyo, deni la miaka 5 linaisha baada ya miezi 146, miaka 12 na ushei. La miaka 4 ni miezi 117. Mshahara ukipanda hadi 1,500,000, makato yanakuwa 225,000 na lile deni kubwa linaisha ndani ya miezi 88. Kwa hiyo kinachoamua urefu wa deni ni kasi ya kupanda kwa mshahara, na katika fani hii mshahara hupandishwa na usajili wa kitaaluma kuliko umri kazini.

Mwaka wa tano tuupime vizuri. Unaongeza deni la 3,900,000, sawa, lakini pia unakukosesha mshahara wa mwaka mzima. Kwa mfano wetu, 729,500 kabla ya makato ya Bodi mara 12 ni 8,754,000. Gharama halisi ya mwaka huo inazidi milioni 12. Hapo bado hujaweka karatasi za kuchapia michoro, mbao na gundi za modeli, na kompyuta yenye nguvu ya kuendesha programu za usanifu. Mwanafunzi wa ubunifu majengo hutumia fedha nyingi hapo kuliko mwenzake wa uhandisi, na fungu la mkopo la mahitaji maalumu ya kitivo halitoshi.

Je, inalipa? Inategemea mlango unaoutazamia. Mhandisi ujenzi ana milango mingi: TANROADS na TARURA za barabara, RUWASA ya maji vijijini, makandarasi, viwanda vya zege, kampuni za ushauri. Mbunifu majengo ana michache zaidi: ofisi za ushauri, Wakala wa Majengo, Shirika la Nyumba, halmashauri, halafu kujiajiri. Mkadiriaji majenzi, yule anayepiga hesabu za gharama za ujenzi, yuko katikati, na kwa maoni yetu ndiye anayesahaulika isivyo haki, kwa kuwa anahitajika kwa mshauri na kwa mkandarasi pia. Kama huchori kwa mapenzi, kama huwezi kukaa usiku kucha ukirekebisha ngazi moja, usichague ubunifu majengo kwa sababu ya jina.

Habari njema ni kwamba deni hili halizai. Tozo ya kutunza thamani ya asilimia 6 kwa mwaka ilifutwa kuanzia Julai 2021, na shilingi utakayolipa miaka 10 ijayo itakuwa nyepesi kuliko ya leo. Kwa hiyo ukipata fedha ya ziada, usiikimbize Bodi. Ianze akiba ya miezi 3 ya matumizi, kisha ada za usajili na mitihani ya kitaaluma, kisha vifaa vya kazi. Mkopo wa benki au wa simu ndio wa kulipa mapema. Aliyesomea Kenya kwa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya kule, asifuate ushauri huu, kwani kule kuna riba ya asilimia 4 na faini ya kila mwezi kwa anayechelewa.

Usajili usiusogeze. Mhandisi hujiandikisha ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, kama mhandisi mhitimu mara tu apatapo cheti, kisha huingia mafunzo ya miaka 3 chini ya mhandisi aliyesajiliwa, yanayoitwa SEAP. Kinachokwamisha ni kumbukumbu za kazi kutosainiwa kila kipindi. Msimamizi akihama, miezi yako inapotea naye. Mbunifu majengo na mkadiriaji majenzi wana AQRB, bodi inayowasajili wao, na kabla ya kusajiliwa michoro ya mbunifu haiwezi kuombewa kibali cha ujenzi kwa jina lake. Ndiyo sababu vijana wengi huchora ramani kwa bei ya chai, na mwenye muhuri hubeba fedha. Kwa hiyo ukiwa na ofa mbili, 900,000 bila msimamizi aliyesajiliwa na 750,000 yenye msimamizi, chukua ya pili. Na mkandarasi akikuomba cheti chako akiweke kwenye faili lake bila kukuajiri, kataa: jengo likipata nyufa, jina lililoandikwa ni lako.

Sheria inatoa miezi 24 baada ya masomo kabla ya marejesho kudaiwa. Ukiajiriwa ndani ya muda huo, panga matumizi kana kwamba makato yameshaanza, usije ukapanga nyumba ya mshahara mzima. Aliyejiajiri hulipa 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato, na hapo ndipo mbunifu wa kujitegemea anapoumia, kwa kuwa mteja hutoa malipo ya awali na kupotea hadi kibali kitoke. Weka pembeni fungu la Bodi siku ile ile malipo yanapoingia.

Jambo jingine ni benki. Makato yote yakijumlishwa hayatakiwi kukuachia chini ya theluthi ya mshahara wa msingi. Kwenye mfano wetu theluthi ni 300,000, basi rejesho la benki haliwezi kuzidi 294,500. Bila Bodi lingefika 429,500. Anayepanga kukopa kiwanja alijue hilo mapema.

Mwisho, fuatilia makato yako. Kampuni za ujenzi hulipwa kwa kuchelewa, na zikibanwa, fedha iliyokatwa kwenye mshahara wako inaweza isifike Bodi kwa wakati. Tunza kila hati ya mshahara, na angalau mara moja kwa mwaka chukua taarifa ya deni kutoka Bodi uilinganishe mwezi kwa mwezi. Mwezi usioonekana, andikia ofisi ya rasilimali watu barua yenye nakala ya hati hiyo kabla hujahama kazi. Ukishahama, simu zako zitapokelewa kwa nadra.