Pampu ya sola kisimani: jibu kwa mwenzetu wa Ndau

Assalaam alaikum jamaa. Mwenzetu wa kisiwa cha Ndau, huku kwetu Lamu, ameeleza kwamba kamati ya wadi inakwenda kijijini kwao wiki ijayo kukusanya maoni ya mpango wa tabianchi, na vijana wameazimia kuomba pampu ya sola ya kisima cha kijiji. Anauliza waandike nini ili ombi lipite. Wengi mmeshamjibu habari za ukubwa wa paneli. Mimi namjibu kwa yaliyotupata hapa Kisiwa cha Pate, kwa sababu ombi letu lilipita, pampu ikaja, maji yakatoka, na miezi saba baadaye maji yale yakawa hayanyweki.

Kisima chetu kilichimbwa kwa mkono na wazee, kwenye mwamba wa matumbawe, kina cha pima tatu na ushei. Tulikuwa tukiteka kwa ndoo na kamba, kisha tukapata mashine ya petroli. Petroli yenyewe huletwa na boti kwa madumu, na kila nyumba ilichanga. Kwa hiyo mashine iliwashwa baada ya swala ya alfajiri, ikazunguka saa moja na nusu, ikazimwa. Tulidhani tunabana petroli. Kumbe tulikuwa tunakipumzisha kisima bila kujua.

Sola ikaja, na jua halina bei. Asubuhi pampu yaanza yenyewe, jioni yanyamaza yenyewe. Mkandarasi alifunga swichi ya boya ndani ya tangi ili likijaa pampu ijizime, lakini tangi halikujaa hata siku moja. Watu walipata maji yasiyo na mchango kwa mara ya kwanza maishani mwao. Mchicha ukaota nyuma ya nyumba, mbuzi wakanyweshwa hapo hapo, wafyatua matofali wakahamia karibu, na bomba moja bovu likavuja mchana kutwa bila mtu kushtuka. Nami nilipanda mipapai sita.

Aliyegundua kwanza ni jirani yangu, mama anayefua kanzu za watu. Alinijia mlangoni na karai, akasugua sabuni ya mche mbele yangu, akasugua tena. Povu halikutoka. Ulitanda utando wa kijivu juu ya maji, ukakatikakatika. Akaniambia, "Onja." Nikaonja. Haikuwa chumvi ya bahari, ilikuwa ule ukakasi mdogo unaobaki pembeni mwa ulimi. Wiki mbili baadaye ukakasi ule ule ulikuwa kwenye chai ya kila nyumba.

Hapa ndipo naomba vijana wa Ndau wasome polepole. Chini ya visiwa vyetu hakuna mto wala ziwa. Maji tunayoteka ni mvua iliyopenya kwenye mchanga na matumbawe, ikaelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Wataalamu wana hesabu yake: kwa kila futi 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban futi 40 za maji matamu chini yake. Sasa isomeni kinyume. Ukiyashusha maji ya kisima futi moja kwa kuvuta mfululizo, chumvi iliyo chini hupanda mara nyingi zaidi ya hapo, tena huja palepale chini ya pampu. Ikishapanda, haishuki kwa wiki moja wala mbili. Ndiyo sababu watu wa Amu, yaani mji wa Lamu, hawataki nyumba zijengwe juu ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua inayozama pale ndiyo maji ya mji.

Silitupii lawama jua, wala mkandarasi peke yake. Kosa lilianzia kikaoni. Tulikutana saa tatu asubuhi chini ya mkungu, tukachora kalenda ya misimu kwenye karatasi za manila: kaskazi, masika, kusi, vuli, miezi ya ukame. Kazi nzuri kwa macho. Wanaume tulikuwa thelathini na kitu, wanawake wanne, kwa sababu saa tatu asubuhi wanawake wako kisimani. Tuliandika mpango wa maji huku wanaoyateka wako kazini wanateka. Mambo yalipoharibika ndipo bibi mmoja akatuambia kwamba mama yake aliwakataza kuteka adhuhuri wakati wa kiangazi, hasa siku za maji bamvu, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida. "Kisima nacho hulala," alisema. Yuko nyumba ya tatu kutoka msikitini, na hakuna aliyemwuliza.

Mnakumbuka mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliotaka kujengwa Kwasasi, hapa Lamu. Mtambo wa megawati 1,050, kibali kikatolewa mwaka 2016, na Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira likakifuta, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nilifurahi siku ile na mpaka leo nashukuru. Lakini kama tulidai kuulizwa na wakubwa, basi na sisi tuwaulize mama zetu kabla ya kupeleka karatasi ya maombi kwenye kamati ya wadi. Na karatasi ile ina uzito. Chini ya FLLoCA, mpango wa serikali wa kugharimia miradi ya tabianchi inayotoka kwa wananchi, fedha hupitia hazina ya tabianchi ya kaunti, na kamati ya wadi huchagua miradi kutokana na yale wananchi waliyoyataja. Mkandarasi naye hujenga kilichoandikwa. Kwetu tuliandika "pampu ya sola na tangi la lita 10,000". Hakuna mstari uliosema itazimwa lini.

Tulivyojinasua: tuliizima pampu kabisa, tukarudi kwenye jabia la zamani, lile birika la kukingia maji ya mvua. Vijana walilisafisha, wakaziba nyufa kwa chokaa, na masika ilipopiga likajaa. Mvua ile ile ndiyo iliyokirudisha kisima taratibu. Kisha fundi akaipandisha pampu kutoka karibu na sakafu ya kisima mpaka karibu na uso wa maji, ili maji yakishuka kupita kiasi ikose cha kuvuta na ijizime. Tukaweka na kipima saa. Sasa inavuta kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa moja alasiri, basi. Mifugo ina kisima chake cha maji ya magadi, na mipapai yangu inangoja mvua kama mipapai ya watu wengine.

Kwa hiyo mkienda kikaoni, ombeni pampu ndogo inayovuta polepole, wala msione haya kuiomba ndogo. Kama mna visima viwili vifupi, gawanyeni kazi kuliko kukikamua kimoja. Betri msiombe kwa ajili ya maji, kwa maana tangi ndilo betri yenu: mchana jua linapandisha maji juu, usiku yanashuka yenyewe. Fedha ya betri itieni kwenye jabia. Na muandike kwa jina la cheo ni nani mwenye ufunguo wa swichi, na ni kipimo gani cha chumvi kikifikiwa anaizima bila kumwomba mtu ruhusa. Kwetu ufunguo uko kwa yule mama wa kanzu. Hakuna anayeyajua maji yale kumzidi.

Mengine ni madogo. Boliti za paneli ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana upepo wa kusi na chumvi yake hula za kawaida mapema sana, na paneli zioshwe kwa maji matamu.

Kikao chenu kisogezeni kiwe baada ya alasiri. Na kabla ya hapo, tuna kifaa kidogo kama kalamu cha kupimia chumvi. Nitawaazima kwa wiki mbili. Pimeni asubuhi kabla ya mtu kuteka, pimeni tena jioni, muandike tarehe, na siku za bamvu mzitie alama. Nijulisheni boti gani inatoka Faza kuja kwenu, nikampe nahodha.