Maswali yenu: mtoto, mwalimu wa nyumbani na lugha ya kigeni

Barua za wiki hii, kutoka Malindi na vitongoji vyake, zinauliza jambo karibu moja: mtoto wa shule atafutiwe mwalimu wa Kitaliano, Kifaransa au Kiarabu, na akipatikana, afundishe vipi? Nimechagua sita.

Mwanangu ana miaka 9. Nyumbani tunasema Kigiriama, shuleni ni Kiswahili na Kiingereza. Baba yake yuko hotelini na anataka aanze Kitaliano. Si tutamchanganya? (Mama, Muyeye)

Hutamchanganya, mama. Mtoto anayeongea Kigiriama na bibi yake, Kiswahili dukani na Kiingereza kwa mwalimu wake ameshajifunza kazi ambayo watu wazima wengi huisumbukia. Ombi langu moja: Kigiriama kisiachwe ili kupisha Kitaliano. Hakuna haja.

Kinachomchosha mtoto wa umri huu ni saa mbili mfululizo za kunakili maneno ubaoni. Nusu saa mara tatu kwa wiki, akisema na kusikia, inamfaa zaidi ya Jumamosi nzima.

Tena Kitaliano kinamkaribisha. Maneno yake mengi huishia kwa irabu kama yetu, na mkazo mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama yetu. Mtego uko kwenye maandishi. Sisi tukiona "ch" tunasoma kama chai, lakini Mtaliano husoma "k": chiesa, yaani kanisa, hutamkwa "kiesa". Na "c" iliyo mbele ya e au i ndiyo "ch" yetu: cena, chakula cha usiku, hutamkwa "chena". "Gn" ni ile "ny" ya nyumba. Konsonanti ikiandikwa mara mbili, ikazwe: pala ni sepeto, palla ni mpira. Mwalimu anayeyaeleza haya kwa kuanzia Kiswahili anaokoa wiki nyingi.

Na sarufi pia. Watoto wa Kizungu wanaosema Kiingereza tu hushangaa kuona sifa ikibadilika kufuata nomino. Mwanao hatashangaa. Kitabu kizuri, vitabu vizuri. Libro bello, libri belli. Upatanisho huo anao kinywani tangu alipoanza kusema.

Kijana wangu wa miaka 14 amejifunza Kitaliano kule bichi, ufukweni, anakiongea haraka kabisa. Tumemtafutia mwalimu, naye anataka aanze upya na alfabeti. Kijana amekasirika. Nani ana haki? (Baba, Shela ya Malindi)

Wote wawili wana sehemu ya haki. Mpe kijana karatasi aandike maneno anayoyasema kila siku. Huenda ataandika "kome stai" na "kuanto kosta", wakati tahajia yenyewe ni come stai (hujambo?) na quanto costa (bei gani?). Hilo si ujinga hata kidogo. Sikio lake limeshika sauti sawasawa, na mkono umeziandika kwa kanuni alizofundishwa, za Kiswahili. Mwalimu aanzie hapo, kwa sentensi za kijana mwenyewe. Akirudishwa kwenye a, be, che kama mtoto wa chekechea atatoroka, nami sitamlaumu.

Lakini Kitaliano cha bichi kina mapengo. Vitenzi husemwa bila kunyambuliwa, na kila mtu huitwa "tu", ile "wewe" ya marafiki, hata mzee wa miaka 70. Kitaliano cha heshima humwita mtu mzima au mgeni "Lei", na kitenzi hufuata nafsi ya tatu. Kijana aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji kuelezwa kwa nini. Anahitaji kuonyeshwa namna tu.

Ujue pia kwamba Kitaliano hakimo kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Lugha za kigeni zilizozoeleka humo ni Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu. Akitaka cheti cha Kitaliano, ipo mitihani ya CILS ya chuo kikuu cha wageni cha Siena na CELI ya Perugia. Hufuata ngazi za A1, ya anayeanza, hadi C2, ya aliyebobea, ambazo Baraza la Ulaya lilizitoa mwaka 2001. Mpangie lengo la A2 kwanza, kwa maandishi na kwa mdomo.

Jambo la mwisho nalisema wazi, baba, kwa sababu linaniuma. Bichi si darasa. Mtoto wa miaka 14 anayekaa na wageni watu wazima bila mzazi kujua ni nani na wako wapi, yuko hatarini, hata kama analeta pesa nyumbani. Kumpa mwalimu na meza ya kusomea ni njia mojawapo ya kumtoa huko.

Binti yangu amehitimu chuo cha Qurani, anasoma msahafu vizuri sana. Anahitaji tuisheni ya Kiarabu kwa ajili ya mtihani wa shule? (Mama, Barani)

Anahitaji, lakini si ile ya kuanza mwanzo. Kusoma kwa tajwidi, yaani kanuni za kutamka Qurani, kumempa kitu adimu: anatofautisha qalb, moyo, na kalb, mbwa, jambo linalowatesa wanafunzi wengi wa nchi nyingine. Anachokosa ni kuelewa anachosoma na kuandika sentensi zake mwenyewe, na mtihani unamtaka aandike insha.

Msamiati anao mwingi bila kujua: kitabu, kalamu, daftari, mtihani, wakati, samaki, dawa. Kwenye namba anao sita, saba, tisa, ishirini. Mwalimu amwandikishe maneno hayo kwa herufi za Kiarabu siku ya kwanza.

Ila atahadhari na siku za wiki. Sisi tunaanza kuhesabu Jumamosi, Waarabu Jumapili. Jumatatu yetu ina "tatu" ndani yake, lakini siku hiyo kwa Kiarabu ni al-ithnayn, yaani ya pili. Halafu tukifika Jumatano, ya tano, tunaongeza Alhamisi, ambayo nayo ni ya tano, kwa Kiarabu. Lugha yetu ina tano mbili kwa wiki. Watoto wakigundua hili wenyewe hufurahi, na hawalisahau tena.

Nitamjuaje mwalimu mzuri? Kila mtu siku hizi ana tuisheni. (Mzazi, Maweni)

Kaa kwenye somo la kwanza, usikilize nani anaongea zaidi. Ikiwa ni mwalimu, kwa dakika 40 kati ya 45, tafuta mwingine. Muulize atafundisha nini mwezi huu, akujibu kwa mambo mtoto atakayoweza kuyafanya: kujitambulisha, kununua nazi, kueleza njia ya kwenda Soko la Malindi. Akikujibu kwa majina ya sura za kitabu tu, mashaka yangu yangeanza. Somo lifanyike sebuleni, mlango wazi, mtu mzima akiwepo. Kwa hili usione haya, hata mwalimu awe jamaa yako.

Programu ya simu haitoshi? (Msomaji, Watamu)

Kwa maneno, inasaidia. Kwa kuzungumza, haitoshi, maana simu haimsubiri mtoto anayetafuta neno.

Nimemaliza chuo kikuu, nafundisha Kifaransa watoto sita wa sekondari hapa mjini. Wanaandika vizuri lakini nikiwauliza kitu wananyamaza wote. Nifanye nini, mwalimu? (Kijana, Ngala)

Mwanangu, wananyamaza kwa sababu wanaogopa kuchekwa na wenzao. Kwa wiki mbili usiwasahihishe mtu akiwa katikati ya sentensi. Andika kosa pembeni, ulirudie mwishoni bila kutaja jina. Wagawe wawili wawili. Mtoto husema kwa mwenzake asichosema mbele ya watu sita.

Fundisha sauti kwa mwili. Kiswahili hakina ile "u" ya neno la Kifaransa tu (wewe). Waambie waseme "i" ya titi, kisha wafumbate midomo kama wanapiga mluzi bila kusogeza ulimi. Watacheka, na katika kucheka huko watasema.

Kisha waulize saa. Hapo ndipo utakapoona kama wanafikiri kwa Kifaransa au wanafasiri, kwani saa yetu inaanza jua likichomoza, na saa moja asubuhi ni sept heures. Mchoree kila mmoja saa ya ukutani yenye duara mbili za namba, ya ndani ya Kiswahili na ya nje ya Kifaransa, akaibandike chumbani. Kila somo lianze kwa swali hilo moja: umeamka saa ngapi? Aliyekosea akaitazame saa yake, arudi na jibu kesho.