Barua kwa mwanangu: Bodola alimsaliti nani?

Mwanangu Salma,

Marahaba. Ujumbe wako tumeusoma, mimi na baba yako. Unasema kila siku ukienda chuoni hapo Oradea, Romania, unaupita uwanja wenye jina la Iuliu Bodola, na mwenzako wa darasani kakwambia mtu huyo aliichezea Romania, kisha akaihama akaichezea Hungaria, kwa hiyo ni msaliti. Unataka kujua mimi naonaje, kwa kuwa nimefundisha historia na mpira sijauacha.

Nianze na mpira, maana watu wakishaanza kugombania bendera ndio kitu cha kwanza kusahaulika. Bodola alikuwa mshambuliaji wa upande wa kushoto. Alijiunga na CAO, klabu ya hapo hapo Oradea, mwaka 1929 akiwa na miaka 17. Kati ya 1931 na 1939 aliichezea Romania mechi 48, akafunga magoli 30. Mwaka 1937 alihamia Venus ya Bucharest, akatwaa nayo ubingwa wa Romania misimu miwili mfululizo, 1939 na 1940. Kombe la Dunia ndilo lililomkatalia. Mwaka 1934 Romania walitolewa na Chekoslovakia 2-1 kule Trieste. Mwaka 1938 walitoka sare ya 3-3 na Kuba mjini Toulouse, kisha Romania ikafungwa 2-1 kwenye mechi ya marudio. Fedheha kubwa, na fainali zote hizo mbili Bodola hakutikisa nyavu hata mara moja.

Sasa tuje kwenye usaliti. Alizaliwa Februari 1912 Brașov, mji wa eneo la Transilvania, na wakati huo Transilvania yote ilikuwa chini ya himaya ya Austria-Hungaria. Nyumbani alikuwa Mhungaria, akiitwa Gyula, yaani Iuliu kwa Kihungaria. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza himaya ikasambaratika na eneo hilo likapewa Romania, naye angali mtoto mdogo. Hakuna aliyemuuliza. Kisha tarehe 30 Agosti 1940, Ujerumani ya Hitler na Italia ya Mussolini zikakaa Vienna zikaikata Transilvania, na sehemu ya kaskazini, Oradea ikiwemo, ikarudishwa Hungaria. Bodola wakati huo yuko Bucharest, bingwa wa nchi. Akarudi Oradea, kwenye timu yake ya zamani, ambayo sasa ilikuwa ikicheza ligi ya Hungaria. Hapo alichagua, sikatai. Lakini alichagua kurudi alikokulia kimpira, na mpaka ndio uliokuwa umehama. Timu ya taifa ya Hungaria ikamwita. Hadi 1948 alikuwa ameichezea mechi 13 na kufunga magoli 4. Kanuni za siku hizo hazikukataza. Luis Monti alicheza fainali ya 1930 na Argentina, ya 1934 na Italia.

Msimu wa 1943-44 timu hiyo ya Oradea ilitwaa ubingwa wa Hungaria, timu ya kwanza kutoka nje ya Budapest kufanya hivyo. Watu wa mji huo bado wanajivunia, na wana haki. Ila mimi siwezi kuutaja ubingwa huo bila kukumbuka kwamba mwezi Mei 1944 Wayahudi wa mji huo huo walikuwa wakifungiwa geto, mtaa waliotengewa wasitoke, kisha wakapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani, zaidi ya watu 20,000. Ile sinagogi kubwa kando ya mto Crișul Repede uliyonitumia picha yake ilikuwa yao. Mwenzako akitaka kuzungumza usaliti wa miaka ile, aanzie huko.

Vita vilipokwisha, Oradea ikawa ya Romania tena. Bodola akacheza msimu mmoja Cluj, halafu akaenda MTK ya Budapest, akacheza pamoja na Nándor Hidegkuti, yule aliyekuja kuwafunga Waingereza magoli matatu Wembley mwaka 1953. Baadaye akawa kocha huko huko Hungaria. Klabu yake ya zamani nayo, ikiwa na jina jingine, ikawa bingwa wa Romania mwaka 1949. Baba yako anasema basi na klabu ishtakiwe.

Na umuulize mwenzako juu ya Iuliu Baratky, mzaliwa wa Oradea. Yeye alianza na timu ya taifa ya Hungaria, akaja kumalizia na Romania, na mwaka 1938 dhidi ya Kuba alikuwa kwenye safu moja ya mbele na Bodola. Huyo naye ni msaliti, au kwa kuwa alikuja upande wao ni shujaa?

Bodola alifariki Budapest mwaka 1992, na siku hiyo bado alikuwa kinara wa wafungaji wa Romania wa wakati wote. Ilibidi aje Hagi kumpita, akafikisha magoli 35, na Mutu baadaye akamfikia Hagi. Wa tatu mpaka leo ni huyo unayepita uwanjani kwake.

Mama yako