Kujifunza kupiga picha chini ya maji ukiwa Kigoma

Dada uliyeuliza kama unaweza kuanza kujifunza kupiga picha chini ya maji hapa Kigoma kabla ya kwenda kwenye mafunzo ya uzamiaji Zanzibar: unaweza, tena vizuri sana. Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu, hayana chumvi ya kula kamera, na samaki wengi wanaokaa kwenye mawe yake huwapati ziwa lingine lolote duniani.

Kamera kubwa iache kwanza. Vaa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, ubaki kwenye maji ya kifuani mpaka uweze kuelea bila kupigapiga miguu, maana ukishatifua mchanga hakuna picha. Kisha msogelee samaki. Wengi hukwama hapo: wanakaa mbali halafu wanavuta kwa lenzi, picha inatoka buluu tupu. Maji humeza rangi nyekundu kabla ya nyingine, kwa hiyo ukipunguza umbali ndivyo rangi zinavyorudi. Piga kati ya saa nne na saa nane mchana, jua likiwa juu. Flashi izime, inamulika chembe zilizo mbele ya lenzi na picha inajaa madoa meupe.

Watafute wale samaki wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Ukitulia, mmoja atachungulia, atatoka, atamfukuza jirani yake. Bonyeza hapo hapo!

Na tafadhali sana, usiingie peke yako, na kabla hujaingia waulize wavuvi wa mwalo huo kuhusu mamba na viboko.