Mume ana virusi, mimi sina: nimeze dawa zake?

SWALI: Mama Muuguzi, salaam. Mume wangu huendesha lori, Mombasa hadi Juba. Mwaka jana alipimwa akakutwa na virusi vya Ukimwi, akaanzishwa dawa. Mimi nimepimwa mara mbili, sina. Majirani wanasema damu yangu ni kali, virusi haviiwezi. Kwa woga, siku nyingine nameza kidonge chake kimoja. Tunataka mtoto. Nifanye nini?
Mama wa Malaba

JIBU: Mwanangu, vidonge vyake usivimeze tena. Ukichukua kimoja, yeye anapungukiwa, na akikosakosa dawa virusi huizoea. Wewe navyo havikukingi kwa kumeza siku moja moja. Vinaweza hata kuficha maambukizi, kipimo kisiyaone. Ukienda kupimwa, mwambie mpimaji kwamba umekuwa ukivimeza, hata kama unaona haya. Na urudie baada ya miezi mitatu, kwa kuwa maambukizi ya juzijuzi huwa hayajaonekana.

Hiyo damu kali haipo. Nimezika watu wengi kabla ya 2004, dawa za bure zilipoanza Uganda, na wengine walikuwa wameambiwa maneno hayohayo. Si kila tendo la ndoa huambukiza, basi.

Kinachokinga kweli ni dawa ya mumeo. Akiimeza kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hawezi kukuambukiza kitandani. Hilo limethibitishwa kwa wenzi wengi kama nyinyi, hapa Afrika pia.

Sasa muulize: majibu ya wingi wa virusi yako wapi? Akitimiza miezi sita ya dawa hupimwa. Mara nyingi matone ya damu huwekwa kwenye karatasi maalumu, hukaushwa, kisha karatasi husafirishwa hadi maabara Kampala. Majibu hayatoki siku hiyo, na dereva akishapanda lori harudi kuyafuata. Naumia sana kwa hilo. Aombe dawa za miezi kadhaa, na kadi yake isikae nyumbani, iwe kwenye lori.

Mpaka muone majibu hayo, tumieni kondomu, au uombe dawa yako mwenyewe ya kujikinga, ile iitwayo PrEP. Kondomu ikipasuka, fika kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, upewe dawa za dharura za kuzuia maambukizi. Virusi vikishakuwa havionekani, tafuteni mtoto bila hofu. Ukiwa mjamzito na ukinyonyesha, pimwa tena kila utakapoambiwa, maana mama akiambukizwa wakati huo mtoto huwa hatarini zaidi.