Waranti ya ziada ya gari la mtumba, lipa au wacha?

Ndugu yangu nimekupata, yadi wanataka uongeze elfu 60 wakupe waranti ya mwaka. Mimi nililipa kama hiyo, miezi minne giaboksi ikaanza kushtuka nikipanda daraja la Nyali hapa Mombasa, kurudi naambiwa oili haikubadilishwa kwa gereji yao kwa hivyo hawalipi, yaani niliumia sana.

Hebu kwanza ipeleke kwa fundi wako, si wao, aichomeke mashine ya kusoma hitilafu na achungulie kutu huku chini maana hewa yetu ya chumvi inakula chuma. Ikiwa safi, hizo elfu 60 ziweke kando za matengenezo. Bado waitaka? Omba karatasi usome vitu wasivyolipia, injini na giaboksi zikiwemo humo achana nayo. Wakisema ni bima, uliza IRA, ile mamlaka inayosimamia bima, kama kampuni ina leseni, na ukiona maneno ya utata muonyeshe wakili kabla hujatia sahihi.