Kabla Hujampa Mtu Barua ya Kufutwa Kazi

Wadogo zangu wa idara ya wafanyakazi, nanyi mnaofunzwa umeneja hapa Nakuru, hamjambo.

Juzi nililetewa barua ya kumfuta mtu kazi, imenakiliwa yote kutoka faili la mwaka jana. Mwenyewe ni mwanamume mwenye ndevu, barua inamwita Madam. Nawapenda, lakini mnanizeesha.

1. Kifungu cha 41 si cha kujazia faili. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka umweleze mtu kosa lake kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, kisha umsikilize ndipo uamue. Hata kwa kosa la kufutwa papo hapo.

Mimi niliikanyaga. Nilikuwa afisa mpya katika kiwanda cha unga. Mama mmoja wa kushona magunia aliacha mashine shifti ya usiku, na asubuhi mzigo haukutoka. Nikamwandikia barua ya kujieleza kwa Kiingereza cha chuo kikuu, akatia sahihi. Kwenye kikao nikasoma mashtaka kwa Kiingereza kilekile na kumuuliza kama ana la kusema. Akamtazama supavaiza wake. Supavaiza akatazama simu. Nikaandika kwenye kumbukumbu: hana utetezi. Mwakilishi wa chama sikumwita; niliona atarefusha mambo, nami nilitaka bosi apate faili limefungwa kabla ya chakula cha mchana.

Kesi ilipofika Mahakama ya Ajira ndipo nikasikia yaliyojulikana na kila mtu pale ghalani: mtoto wake alizidiwa usiku ule, na supavaiza ndiye aliyemwambia aende. Wakili wake hakunifokea. Aliniuliza tu nilitumia lugha gani. Kisha akaniomba nisome saa ya kufungua kikao na ya kufunga, nilizokuwa nimeziandika mwenyewe kwa maringo. Hata dakika kumi hazikufika. Kampuni ikalipa fidia. Sheria inaruhusu hadi mshahara wa miezi 12, na bosi alinikumbusha hilo kila nilipogusia nyongeza. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba jibu lilikuwa mlemle chumbani, limekaa kiti cha pili. Ningemuuliza tu, "Mama, ilikuwaje?"

2. Vibarua. Acheni ujanja wa kumpumzisha mtu siku mbili mwezi ukikaribia kwisha, eti arudi akiwa mgeni. Kifungu cha 37 cha Sheria hiyohiyo ya Ajira humgeuza kibarua kuwa mfanyakazi wa mkataba akifikisha mwezi, tena kina mlango wa pili: kazi isiyoweza kumalizika ndani ya miezi mitatu kwa jumla. Kusaga unga kunamalizika lini?

3. Karatasi za bodi zitoke mapema, si usiku wa kuamkia mkutano. Na mkurugenzi akisema kazi yake ni faida tu, mfungulieni kwa adabu kifungu cha 143 cha Sheria ya Kampuni ya 2015. Anatakiwa kuangalia pia maslahi ya wafanyakazi, jamii na mazingira, na uamuzi wake utazaa nini miaka ijayo.

4. Tamko la maslahi, yaani mkurugenzi kusema wazi kama jambo linalojadiliwa linamgusa mfukoni, lije kabla ya ajenda ya kwanza, si baada ya chai. Kuna bodi niliyowahi kuiandikia kumbukumbu, ikajadili zabuni ya kusafirisha unga hadi Kisumu. Mzee mmoja alimsifu msafirishaji fulani kwa ufasaha wa ajabu: malori mapya, madereva wapole, bei ya haki. Tulikuwa karibu kuipitisha zabuni, ndipo mlinzi akabisha mlango, akavua kofia, akamwinamia yule mzee: "Samahani mzee, lori lako moja limeziba geti, unga hautoki." Sote tukageukia dirisha. Mwenyekiti akakohoa, akaniagiza niandike kwamba maslahi yametangazwa. Nikabaki na kalamu hewani, sijui tamko niliandike kwa jina la mkurugenzi au la mlinzi.